Nchi Nne kwa Siku Kumi Kutoka Mbeya: Namna ya Kuipanga Safari Isiishie Mipakani

Mkazi wa Mbeya ana mipaka miwili mlangoni pake. Tunduma iko kiasi cha kilomita 100 upande wa magharibi, na Kasumulu iko mbali kidogo zaidi ya hapo upande wa kusini, ukishashuka Tukuyu; aliyekunywa chai Mwanjelwa asubuhi anaweza kula chakula cha mchana Nakonde nchini Zambia au, akibahatika na gari, Karonga nchini Malawi. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Kwa kuwa mpaka wa kwanza unafikika kabla jua halijawa kali, mtu huketi na ramani, akaandika nchi tano kwa wiki moja, kisha akarudi nyumbani akiwa ameona stendi tano na foleni kumi.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku 10 kwa mabasi ya kawaida, inayopita Zambia, Zimbabwe, Botswana na Malawi, na kurudi Mbeya kwa mlango tofauti na ule wa kutokea. Nimeipanga juu ya mambo mawili niliyojifunza kwa gharama yangu. La kwanza ni kwamba kila mpaka uhesabiwe kuwa nusu siku, hata kama mwenzako alivuka kwa dakika 40. La pili ni kwamba begi lisihame kila unapovuka: tafuta mahali ambapo nchi kadhaa zinakaribiana, weka begi hapo kwa siku kadhaa, kisha uvuke na kurudi ukiwa na mfuko mdogo tu. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, mahali hapo ni mji wa Livingstone, kusini kabisa mwa Zambia. Ukilala hapo siku tatu, unaweza kula chakula cha mchana Zimbabwe leo na Botswana kesho, bila kufungasha hata shati moja.

Hatua ya kwanza: pasi na kadi ya chanjo

Anza na pasi ya kusafiria miezi miwili kabla ya safari. Ombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa, ada ya pasi ya kawaida ni shilingi 150,000, na baada ya hapo unafika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kama unayo tayari, angalia mambo mawili: iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na iwe na kurasa tupu za kutosha. Watu husahau hili la pili. Kwa njia ninayoieleza hapa utagongewa mihuri 14, kwa sababu kila unapotoka Livingstone kwenda kwa jirani na kurudi, unatoka Zambia na kuingia tena. Kurasa nne tupu zinatosha, lakini mbili hazitoshi, maana kuna maofisa wanaopenda kugonga muhuri katikati ya ukurasa mweupe kana kwamba kitabu ni chao. Hati ya dharura ya safari, ambayo wengi huitumia kwenda Nakonde kununua bidhaa, nisingeitegemea kwa mzunguko wa mipaka mingi kiasi hiki.

Mtanzania mwenye pasi ya kawaida haombi viza kwa matembezi mafupi katika nchi hizo nne, na hilo pekee linaondoa gharama ambayo msafiri wa bara jingine angeibeba. Ukiwa na rafiki kutoka Ulaya au Marekani, mshauri aulizie viza ya KAZA, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo humruhusu mgeni kuingia Zambia na Zimbabwe kwa viza moja na kufanya matembezi ya siku moja Botswana kupitia mpaka wa Kazungula.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa na kishoka yeyote kwamba chako cha mwaka 2012 kimeisha. Atakayekwenda na gari lake aelewe pia kwamba, mbali na hiyo ya chanjo, kuna kadi nyingine ya njano, nayo ni bima ya magari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Ukisikia mtu mpakani anaulizia kadi ya njano, muulize kwanza ni ya mwili au ya gari.

Dawa nazo zina sheria zake. Zambia ni kali kwa baadhi ya dawa ambazo kwetu hununuliwa dukani bila swali, zikiwamo dawa za kikohozi na mafua zenye difenihidramini. Soma maandishi ya kwenye chupa kabla ya kuitia mfukoni, na dawa za daktari zibebe katika pakiti zake pamoja na cheti cha dawa.

Hatua ya pili: kuchagua mwezi

Maporomoko ya Victoria, yaliyo karibu na Livingstone na ambayo ndiyo kiini cha safari, hayako sawa mwaka mzima. Maji hujaa zaidi kati ya Machi na Mei. Wakati huo ngurumo husikika mbali, lakini ukungu wa maji huwa mzito kiasi kwamba unaweza kusimama mbele ya maporomoko yenye upana wa mita 1,708 usione kitu isipokuwa weupe. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hukauka sana na kubaki ukuta wa mwamba. Julai hadi Septemba ndicho kipindi ninachokipendekeza, nacho kwa bahati njema hutukuta mahindi yameshavunwa na mfuko una uzito kidogo. Mtu wa Makambako au Uyole asidhani kwamba baridi ameiacha nyumbani, kwa sababu alfajiri ya Julai Livingstone na Kasane ya Botswana inahitaji koti. Abebe pia chandarua au dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa kando ya Mto Zambezi na kando ya Ziwa Nyasa kuna malaria kuliko tulivyozoea milimani.

Hatua ya tatu: fedha

Hapa nitakaa kidogo. Zambia inatumia kwacha na Malawi inatumia kwacha. Jina ni moja, maana yake ni ile ile ya kupambazuka, lakini ni fedha mbili tofauti kabisa, na ya Zambia ina thamani kubwa mara nyingi zaidi ya ile ya Malawi. Mtu anayekwambia “nina kwacha” bila kutaja nchi hajakwambia kitu. Soma jina la benki kuu kwenye kila noti, tena kwa mwanga wa kutosha. Zaidi ya hapo, Zambia ilitoa noti mpya mwaka 2025 na kuanza kuziondoa za zamani, kwa hiyo bunda la noti za zamani linalotolewa kwa bei nzuri mno si zawadi.

Badilisha fedha katika duka lenye leseni, Mbeya mjini au Tunduma, kiasi cha kukufikisha Lusaka tu. Kilichobaki kibebe kwa dola. Vijana wanaokimbilia madirisha ya magari Tunduma wana maneno matamu na vidole vyepesi. Mara yangu ya kwanza mmoja alinihesabia noti mbele ya macho yangu, moja moja, kwa sauti, akanikabidhi akisema, “Kaka, hesabu na wewe uridhike.” Niliona aibu kuhesabu tena. Nilipofika kwenye dirisha la tiketi za basi ndipo nilipogundua kwamba noti tatu zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikionesha ncha mbili, na hivyo zimehesabiwa kuwa sita. Tangu siku hiyo ninanyoosha kila noti, na kama mtu ananiharakisha namrudishia zake.

Zimbabwe ilianza kutumia sarafu yake mpya, ZiG, Aprili 2024, lakini mgeni hulipa karibu kila kitu kwa dola ya Marekani. Tatizo la huko ni chenji. Beba noti za dola 1 na 5, safi, zisizo na madoa ya wino wala kona zilizochanika, kwa kuwa mwenye teksi atakayepewa noti ya 50 atakutazama tu. Botswana wanatumia pula, neno lenye maana ya mvua, na kwa siku moja ya matembezi unahitaji kidogo sana.

Hatua ya nne: kuvuka Tunduma

Panda gari la asubuhi Mbeya na ufike Tunduma kabla ya saa tano. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, na utaratibu wake ni kwamba anayetoka Tanzania hukamilisha mambo ya nchi zote mbili katika jengo la upande wa Nakonde, wakati anayerudi hukamilisha upande wa Tunduma. Ni madirisha mawili katika jengo moja: la kwanza la Tanzania kukutoa, la pili la Zambia kukuingiza. Kuliruka la kwanza bila kujua ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopitiwa na mstari. Wanamwanga wapo pande zote mbili, mama mwenye beseni la nyanya anavuka na kurudi mara tatu kabla ya adhuhuri, na mgeni anayefuata mkondo wa watu atajikuta sokoni Nakonde bila kuulizwa neno.

Mimi nilimfuata kijana aliyejitwisha begi langu akisema anajua njia ya mkato. Alinifikisha moja kwa moja kwenye dirisha la Zambia. Ofisa alifungua pasi, akapekua kurasa mbele na nyuma, akaniuliza kwa Kiswahili safi, “Muhuri wa kutoka kwenu uko wapi, mzee?” Nikarudishwa mwisho wa foleni nyingine, basi langu likaondoka, na usiku ule nikalala Nakonde bila kupanga. Kwa hiyo beba begi lako mwenyewe, na kabla ya kuondoka dirishani soma muhuri: tarehe ni ya leo, na idadi ya siku ulizopewa inatosha.

Ukishavuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa kuwa nchi zote nne ziko nyuma yetu. Usiiachie simu kazi hiyo. Nakonde simu hudaka mnara wa Tanzania na wa Zambia kwa zamu, na saa yake hurukaruka. Pia kumbuka kwamba tiketi iliyoandikwa 08:00 ni saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo kwa saa ya Mbeya ni saa tatu. Mwambie mkata tiketi akuandikie tarakimu, maana ukiuliza kwa Kiswahili naye akajibu kwa hesabu yake, mnaweza kuelewana vibaya kwa saa sita nzima.

Mwaka 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa sababu hiyo mimi hulala Nakonde siku ya kwanza kwa hiari na kupanda basi la alfajiri, badala ya kuondoka alasiri na kukesha ndani ya basi lililoegeshwa njiani.

Hatua ya tano: kushuka hadi Livingstone

Siku ya pili ni ndefu. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, kupitia Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe. Wako watakaouliza kwa nini tusipande treni ya TAZARA pale Iyunga hadi New Kapiri Mposhi. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam ni safari nzuri kuliko basi, na nakushauri uifanye siku moja ukiwa na muda, lakini mwenye siku 10 asiweke ratiba yake mikononi mwa treni. Lusaka lala karibu na kituo cha mabasi cha Intercity, kilichopo barabara ya Dedan Kimathi, na asubuhi ya siku ya tatu upande basi la Livingstone, kiasi cha kilomita 480 kupitia Mazabuka, Monze na Choma. Jioni utakuwa umefika. Tua begi, lipia siku tatu.

Hatua ya sita: kuvuka na kurudi

Siku ya nne ni ya maporomoko. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na kutoka mjini hadi mpakani ni kama kilomita 10 kwa teksi ya kuchangia. Zambia na Zimbabwe kila moja ina hifadhi yake na kiingilio chake. Kwenye dirisha la tiketi onesha pasi ya Tanzania na uulize kiwango cha wananchi wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika ambayo Tanzania ni mwanachama. Usipouliza unaweza kutozwa bei ya mgeni wa mbali. Ukilazimika kuchagua upande mmoja, chagua Zimbabwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya maporomoko hutazamwa vizuri kutoka huko.

Vuka kwa miguu. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa mwaka 1905, lina urefu wa mita 198, na liko mita 128 juu ya maji. Ukisimama katikati, lori likipita, utausikia mtikisiko kwenye nyayo kabla ya kulisikia lori lenyewe. Uhamiaji hutoa pia kikaratasi cha kumruhusu mtu kufika darajani na kurudi bila muhuri. Kinamfaa anayetaka picha tu, ila hakimwingizi nchi ya pili, na ukijaribu kukitumia kuingia mji wa Victoria Falls utarudishwa. Ulizia saa ya kufunga mpaka kabla ya kuvuka.

Siku ya tano elekea magharibi, kilomita kama 65, hadi Kazungula. Zamani hapa magari yalisubiri pantoni kwa siku kadhaa. Sasa kuna daraja la mita 923 lililofunguliwa tarehe 10 Mei 2021, nalo limepinda kama upinde kwa sababu lilijengwa likikwepa ardhi ya Zimbabwe. Upande wa pili ni Botswana, na Kasane iko karibu sana. Botswana ina biashara kubwa ya nyama ya ng'ombe na inalinda mifugo yake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nyama, maziwa na hata mabaki ya mishikaki hayapiti, na unaweza kuambiwa ukanyage viatu kwenye mkeka wenye dawa. Kama umebeba maparachichi ya Rungwe, yamalize Livingstone. Mwenye mtoto asiyefikisha miaka 18 aje na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja hayupo, barua ya idhini yake.

Pale Kasane chagua boti ya asubuhi katika Mto Chobe. Boti ya jioni ndiyo inayosifiwa kwa tembo na machweo, lakini inarudi wakati ambao wewe unapaswa kuwa foleni mpakani. Katikati ya mto utaona kisiwa cha Sedudu, ambacho Botswana na Namibia walikipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1999 Botswana ikapewa. Ng'ambo yake ni Namibia. Itazame kwa macho, na ukishawishika kuiongeza kwenye orodha, kumbuka lile la nusu siku.

Hatua ya saba: kurudi, na uamuzi wa Lusaka

Siku ya sita rudi Lusaka, na jioni hiyo ufanye uamuzi. Kama basi moja lilikuharibikia au tumbo limekusumbua, acha Malawi, panda basi la Nakonde asubuhi, na siku ya nane uko Mbeya. Kama kila kitu kimekwenda sawa, siku ya saba panda la Chipata, kilomita kama 570 kuelekea mashariki, ulale hapo. Siku ya nane vuka kwenda Mchinji na ufike Lilongwe mapema. Siku ya tisa nenda Mzuzu. Malawi imepitia vipindi vya uhaba wa mafuta miaka ya karibuni, kwa hiyo kata tiketi ya basi kubwa la kampuni siku moja kabla badala ya kutegemea gari dogo la kujaza.

Siku ya kumi ondoka Mzuzu alfajiri. Barabara inashuka mteremko wa Chiweta na ghafla ziwa linatandaa chini yako. Sisi tunaliita Nyasa na wao wanaliita Malawi, na si mjadala wa kuanzisha kwenye dirisha la uhamiaji. Ukijisikia kuogelea kumbuka kwamba ziwa hilo lina kichocho. Kuanzia Karonga masikio yako yatapumzika, hasa kama unajua Kinyakyusa, kwa kuwa Kingonde kinachosemwa hapo ni ndugu yake wa tumbo moja, na bei hushuka kidogo ukisalimia kwa lugha hiyo.

Mpakani maliza kwacha zote za Malawi, maana ukifika Mwanjelwa hakuna atakayezitaka. Toa begini mifuko ya plastiki ya kubebea uliyopewa madukani huko, kwa sababu Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Vuka daraja la Mto Songwe, gonga muhuri wa kumi na nne, na uirudishe ile saa moja. Magari mengi yaliyoandikwa Kyela huingia mji wa Kyela, ulio pembeni ya njia ya Mbeya, kwa hiyo mweleze konda mapema kwamba unataka kushuka njia panda au upande gari la moja kwa moja la Uyole. Ukikuta jua limezama na magari ya Mbeya yameisha, lala Kyela, ule wali wa hapo, na upande la kwanza asubuhi.